Kichupa cha Jirani

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa kijiji kimoja karibu na Isyonje, wilayani Rungwe, mwezi wa saba, wakati macho mekundu yalipokuwa yametoka shuleni na kuingia majumbani. Mimi ni muuguzi wa macho. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na pale nilipokatizwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mtendaji wetu, wazee wangu shikamooni. Akina mama, akina baba, na vijana mlioacha kupakia viazi mkaja kunisikiliza, ndaga fijo, asanteni sana. Najua lori liko barabarani na dereva ameshapiga honi mara mbili, kwa hiyo sitazunguka.

Juzi Mwenyekiti alipita na kipaza sauti akaomba kila nyumba ilete dawa ya macho iliyonayo, iwe mpya, iwe ya zamani, iwe imebaki tone moja. Naona mmezileta. Wengine mmezishika mkononi, wengine ziko mfukoni, na mama yangu hapa mbele ameifunga kwenye pindo la kanga kama hela ya mchango. Mama, samahani, niazime kidogo niwaonyeshe watu.

Tazameni. Kichupa cha plastiki, kifupi kama kidole gumba. Karatasi imekwanguka, jina la dawa halisomeki, tarehe ya kuisha ndiyo kabisa. Hapa kwenye ncha, pale tone linapotokea, pameganda ukoko wa rangi ya chai. Mama, ilifunguliwa lini? Anasema kabla ya Krismasi. Nani ameitumia? Mjukuu. Halafu? Baba yake mjukuu. Halafu jirani akaja kuazima, na bahati nzuri akairudisha. Mnacheka kwa sababu hata kwenu jirani huyo anapita.

Sijaja kumwaibisha mama. Amefanya alivyofanya mama yangu mzazi. Alikuwa na kichupa kimoja juu ya kabati la vyombo, kimekaa pale miaka, na sisi watoto saba, kila aliyeamka na tongotongo alilazwa chali akatiwa. Tukapona. Tulipona kwa sababu macho mengi mekundu hupona yenyewe, ila sifa ilikwenda kwa kichupa. Ubaya wa sifa hiyo ni kwamba siku moja kichupa kinakuja kutiwa kwenye jicho ambalo lisingepona lenyewe, na hakuna mtu anayekitilia shaka.

Niwaulize wakulima. Shamba lako la viazi likianza kuharibika, unabeba bomba moja kwa moja? Hapana. Unainama, unageuza jani. Kama lina mabaka meusi, na wiki nzima manyunyu hayajakatika, huo ni ukungu, unapiga dawa ya ukungu. Lakini mmea ukilegea ghafla mchana ukiwa bado kijani, ukachimba kiazi, ukakikata, ukaona utelezi mweupe unatoka kwenye ule mduara wa ndani, huo ni mnyauko. Hapo hata upige mabomba ishirini ya dawa ya ukungu, hela yako umeimwaga chini. Mtu wa huku hadanganywi kwenye jambo hilo. Sasa jicho, ambalo huwezi kulipanda upya msimu ujao, mbona tunalipigia bomba lolote lililo karibu?

Wekundu wa jicho ni kama kulegea kwa jani. Unakuambia kuna jambo. Ni jambo gani, utafute mwenyewe. Kuna wekundu wa virusi, kuna wa bakteria, kuna wa aleji ya vumbi na moshi wa jiko, kuna wa kitu kilichoingia, kuna wa kidonda kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, na kuna wa presha ya jicho kupanda ghafla, huo unaoleta maumivu mpaka mtu anatapika watu wakidhani ni malaria. Yote haya ukisimama mbali unaona kitu kimoja: jicho jekundu.

Hili lililotoka shuleni, kwa wale watoto niliowaona, ni la virusi. Machozi mengi ya majimaji, jicho linawasha kama limetiwa mchanga, linaanza moja, siku ya pili linafuata la pili, na keshokutwa dada yake naye. Mnakumbuka Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza macho mekundu, yakaanza kusikika Dar es Salaam kisha mikoani. Ukoo ni huo huo. Wazee wana kumbukumbu ya mbali zaidi: mwaka 1969 ugonjwa wa namna hii ulilipuka Ghana wakati ule ule Wamarekani wanatua mwezini na Apollo 11, watu wakaupa jina Apollo, na jina likasafiri Afrika kuliko hata ile roketi.

Virusi hivyo havina habari na antibiotiki. Utie kloramfenikoli, utie jentamaisini, utie siprofloksasini ya bei juu kutoka mjini, vinakaa siku zake vinaondoka, mara nyingi wiki moja, wengine mbili na zaidi. Kinachosaidia ni cha bei rahisi: maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi cha kukandia na kufuta, kila jicho na upande wake wa kitambaa, na kitambaa kinafuliwa kwa sabuni kinaanikwa juani. Kila mtu taulo yake, mto wake. Mtoto abaki nyumbani mpaka machozi yakauke. Na mikono, jamani. Sisi watu wa huku tunasalimiana tumeshikana mikono mpaka habari za ng'ombe na za shemeji wa Kyela ziishe. Wiki hizi tusalimiane kwa mdomo. Hakuna atakayesema una majivuno. Na akisema, mwambie nesi ndiye aliyesema.

Dawa ya matone ya antibiotiki ina kazi yake, sisemi haina. Mtu akiamka kope zimegandana, akazilainisha kwa maji, akakuta matongo mazito ya njano au ya kijani yanayorudi kila baada ya muda mfupi, hapo bakteria wanahusika na dawa inafupisha siku. Ila aliyekupa akuambie unatia mara ngapi na siku ngapi, na uzimalize hata kama jicho limeshakuwa jeupe siku ya pili. Ukitia siku mbili kamili bila kuona nafuu yoyote, usiongeze matone. Rudi.

Kuna kosa tunalolifanya dukani. Maduka ya dawa muhimu, haya yaliyoanzia kwa ndugu zetu wa Ruvuma mwaka 2003, yametuokoa mno sisi tunaokaa mbali na famasi. Lakini mtu anaingia anasema: "Nipe dawa ya macho." Basi. Kama vile ameomba kiberiti. Muuzaji naye anampa iliyo karibu. Mwambie jicho limeanza lini, linauma au linawasha, unaona vizuri au kuna ukungu, na kama kuna kitu kilikugonga. Akikuuliza maswali mengi usinune. Huyo ndiye muuzaji wa kurudia kwake.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta hasa.

Mwaka jana kijana mmoja, kijiji sikitaji, alikuwa anavunja mahindi, jani kavu likamkwaruza jichoni. Jioni jicho jekundu, linachoma, mwanga wa taa hautaki. Shemeji yake akamwonea huruma, akampa kichupa ambacho mtoto wake alikuwa amepewa kwa ajili ya aleji. Akatia. Asubuhi jicho limekuwa jeupe, maumivu yamepungua nusu. Akamshukuru shemeji, akarudi kwenye mahindi. Akaendelea kutia siku tisa. Siku ya kumi ndiyo aliponijia, amefunika jicho na kofia. Nilipommulika nikaona doa jeupe katikati ya kioo cha jicho, kingo zake zimetawanyika kama manyoya, na nyuma ya kioo usaha umetuama chini kama maziwa mtindi kwenye kibuyu. Nikampungia mkono mbele ya jicho hilo. Akasema anaona kivuli.

Kichupa kilikuwa kizuri, hakijaisha muda, kimetunzwa, kimenunuliwa kwa cheti. Ndani yake mlikuwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Jani kavu la mahindi hubeba fangasi. Lilipokwaruza liliwapanda pale kwenye kioo cha jicho kama mbegu. Jicho likawa jekundu maana askari wa mwili walikuwa wameingia kazini. Sasa kazi ya steroidi ni kuwaambia askari wakae chini. Kwa mtoto mwenye aleji ni sawa, askari wake walikuwa wanapigana na vumbi tu. Kwa huyu kijana ilikuwa kumfunga mbwa na kumwachia mwizi mlango wazi. Ule weupe wa asubuhi ya pili, ambao shemeji alishukuriwa kwa ajili yake, ndio uliomlaza shambani siku tisa fangasi wakila. Nilimpa rufaa siku hiyo hiyo. Jicho halikutolewa, ila kovu limebaki katikati, na kwa jicho hilo hasomi tena.

Kwa hiyo sikilizeni vijana mnaojua kusoma, wasomeeni wazee. Kwenye boksi, kwa maandishi madogo chini ya jina kubwa, mkiona neno dexamethasone, au prednisolone, au betamethasone, au hydrocortisone, hiyo ni steroidi. Haitiwi mpaka mtu aliyelimulika jicho kwa taa aseme itiwe. Wakati mwingine imechanganywa na antibiotiki kwenye kichupa kimoja, na utaambiwa "hii ndiyo kali, inafanya kazi haraka." Kweli inafanya haraka. Inaondoa wekundu. Ikitiwa wiki baada ya wiki bila mtu kuangalia, inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Na babu anayetibiwa presha ya jicho naye akifiche kichupa chake: aina moja inayotumika sana, timololi, ikimwingia mjukuu mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Dawa ya jicho haiishii jichoni. Inashuka kwenye tundu dogo pale kwenye pembe karibu na pua, inaingia puani, kooni. Ndiyo maana ukitia unasikia uchungu mdomoni.

Turudi kwa mama na kichupa chake. Dawa ya matone ikifunguliwa, hesabu inaanza upya. Tarehe iliyochapishwa ni ya kichupa kilichofungwa. Kikishafunguliwa, vingi mwisho wake ni siku 28. Chukua kalamu, andika kwenye boksi siku uliyofungua. Baada ya wiki nne tupa, hata kama imebaki nusu. Najua inauma, hela ni hela. Lakini ile ncha ikigusa kope mara moja tu, inachukua bakteria, na tone linalofuata linawarudisha jichoni, lako au la jirani. Mwaka 2023 huko Marekani, matone ya kulainisha macho yalikutwa na bakteria sugu. Waliougua wakahesabiwa 81 katika majimbo 18. Watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne walitolewa jicho, na wanne walifariki dunia. Na kule kuna maabara kila kona. Kichupa chenye ukoko wa rangi ya chai hakijapita maabara yoyote.

Mzee mmoja hapa ananyoosha mkono. Ndiyo, baba. Anauliza: dawa nyingine zinasema ziwekwe kwenye friji, na sisi friji tunaliona kwenye baa tu.

Swali zuri. Matone ya kloramfenikoli yanataka nyuzi 2 hadi 8. Baridi yetu ya Julai usiku inakaribia huko, lakini mchana haifiki, na mwezi wa kumi ndiyo usiseme. Kwa hiyo waambie kabisa kule dukani au zahanati: sina friji, mnayo ya mafuta, ile ya kwenye tyubu? Ya mafuta inavumilia hali ya chumba, mradi isiwe juani wala karibu na mafiga. Inatia ukungu kidogo kwenye kuona, kwa hiyo mwenye pikipiki apake usiku. Na usiitundike dawa yoyote ya macho mfuko wa shati siku nzima shambani, wala kwenye dashibodi ya gari.

Mwenyekiti, naomba ukae kwenye kiti hiki. Hiki kichupa kina maji safi tu, msiogope. Wananchi, angalieni mikono yangu kwanza: nimenawa kwa sabuni pale kwenye ndoo. Mwenyekiti anaangalia juu, kama anatafuta mvua. Kidole changu kinashusha kope ya chini taratibu, mnaona pamekuwa kama kimfuko? Tone linaingia humo, sitii juu ya mboni. Ncha iko juu ya jicho kwa upana wa kidole, haigusi kitu. Moja. Basi. Mwenyekiti, funga jicho pole pole, usikaze kama mtu aliyetiwa pilipili. Sasa nabonyeza hapa pembeni mwa pua, dakika moja mpaka mbili, lile tundu lizibwe, dawa ikae inapotakiwa. Kinachotoka nje nakifuta.

Kwa nini tone moja? Kwa sababu jicho halina nafasi ya kubeba hata tone moja zima. La pili lote linashuka shavuni. Kichupa cha mililita 5 kina matone kama 100. Anayetia matatu matatu anawanywesha mashavu. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika tano katikati, na ya mafuta iwe ya mwisho.

Mtoto anayepiga kelele msimkabe watu wanne. Mlaze chali, mwambie afumbe macho, dondosha tone kwenye pembe ya ndani, palepale karibu na pua, halafu mpigishe hadithi. Akifumbua, tone linaingia lenyewe. Nimefanya hivyo kwa watoto wangu mwenyewe na hakuna aliyenichukia.

Mama mwenye mtoto mgongoni anauliza maziwa ya titi. Mama, maziwa yako ni chakula, ana mdomo, mpe huko. Jichoni ni maji matamu, na bakteria wanapenda utamu. Mkojo, chai ya rangi, majani yaliyotafunwa, mate ya bibi, hata kwa nia njema kiasi gani, hapana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994, wa hapa hapa Tanzania, kwa wagonjwa wenye vidonda kwenye kioo cha jicho, ulikuta karibu robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Na kama huyo wa mgongoni yuko chini ya siku 28 na macho yake yamejaa usaha, usingoje asubuhi. Inaweza kuwa kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, kinatoboa kioo cha jicho upesi mno, na dawa yake ni sindano, matone peke yake hayatoshi. Hakuna atakayekuuliza kwa kebehi kimetoka wapi. Akikuuliza hivyo, niambieni mimi.

Wapiga bomba: sumu ya viazi ikikurukia jichoni, kabla ya kukumbuka dawa yoyote, maji. Fumbua jicho kwa vidole, mwenzako amimine maji safi, dakika kumi na tano zisipungue, thelathini ni bora. Kisha hospitali, na kopo la sumu ulibebe ulionyeshe. Wengine wa kwenda moja kwa moja bila kupitia dukani ni mwenye maumivu makali, anayeona ukungu ghafla, asiyeweza kuangalia mwanga, mwenye doa jeupe, na aliyekwaruzwa na jani, bua au kijiti. Huyo wa mwisho hata kama anaona ni kidogo. Hasa kama anaona ni kidogo.

Jingine fupi: gundi ya supagluu ina kichupa kinachofanana na dawa ya macho. Zisikae droo moja.

Honi ya tatu hiyo. Wenye vichupa, meza ni hii. Nimekuja na kalamu, ndoo ya kutupia yenye mfuniko, na kijana wangu atasoma maandishi madogo. Kinachofaa tutakiandika tarehe, urudi nacho. Kisichofaa, au kisichojulikana ni nini, kinaingia kwenye ndoo, nitaondoka nayo mimi. Mama, chako kimeshafika ndooni, samahani. Njoo unionyeshe jicho la mjukuu. Baba wa koti la kijani, wewe una viwili, anza.